Heko kwa Giaboksi Mbovu

Watu wenye giaboksi nzima hawaijui Malili. Wakitoka Nairobi kwenda Mombasa huipita kabla chai ya asubuhi haijatulia tumboni, kama kilomita 60 tu kutoka mjini, wakabaki na kumbukumbu ya malori na mabati. Treni ya reli mpya nayo, tangu ianze kubeba abiria mwaka 2017, hupita pande hizo bila kusimama. Inashusha watu Athi River, kisha Emali. Kwa msafiri wa safari ndefu, hakuna kinachomtua Malili kwa uhakika kushinda giaboksi iliyoharibika. Kwa kuwa sijaona kazi hiyo ikitambuliwa katika mpango wowote wa utalii wa Kaunti ya Makueni, nimeona niitambue mimi.

Yangu ilinishusha kwa adabu. Hakukuwa na mlipuko wala moshi. Nilikuwa nikirudi Nairobi, napanda kutoka Salama, mlima unaoyafanya matrela yatambae, ilipoanza kutenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: bidii na maendeleo. Injini ilinguruma, mshale wake ukapanda, mshale wa kasi ukashuka. Tukafika Malili kwa kudura. Nilipojaribu kuondoka tena nikaweka D, gari likatafakari. Nikakanyaga mafuta, likatafakari kwa sauti zaidi. Nikaweka R, likarudi nyuma papo hapo, bila kinyongo.

Hilo la kurudi nyuma lisidharauliwe. Waholanzi wa DAF walipotoa gari lao la mikanda mwaka 1958, babu wa hizi giaboksi za leo zisizo na gia za kuhesabika, kama yangu, liliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ileile ya kwenda mbele, na kwao kukawa na mashindano ya mbio za kurudi nyuma. Mimi tayari ninayo nusu ya uvumbuzi huo. Kutoka Malili hadi Mombasa ni kilomita 400 na ushei; kinachohitajika ni shingo imara na trafiki mwelewa.

Sifa nyingine ni kukusanya watu. Gari lenye pancha humpata kijana mmoja mwenye jeki. Lililoishiwa petroli hupata kicheko. Giaboksi hupata baraza zima. Kabla sijafungua boneti walikuwa wamefika dereva wa trela, vijana wawili wa bodaboda, fundi wa pale pale mwenye spana mfukoni kama kalamu, na mzee ambaye hakusema anajua nini ila alisikilizwa kuliko wote. Fundi alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akampa mwenzake anuse, naye akampa mzee. Kijiti kikazunguka baraza lote. Oili iliyotakiwa kupitisha mwanga ilikuwa nyeusi, na ukiisugua kati ya vidole iliacha chembe zinazometa.

“Mdosi,” fundi akasema kwa upole wa daktari, “hii imejila.”

Jambo moja walikubaliana: gari lisivutwe kwa kamba hadi Nairobi magurudumu ya mbele yakiwa chini. Pampu ya oili ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakiendelea kuzunguka, vyuma vinasagana vikavu, na kilichobaki kizima kinakwisha kabla ya Athi River. Baada ya hapo hawakukubaliana tena juu ya lolote, na ndipo faida halisi ya giaboksi mbovu ilipoanza kuonekana.

Kuna chama cha kutengeneza na chama cha kubadilisha. Vyote viwili vina wafuasi wenye uchungu.

Wa kutengeneza husema kwamba ugonjwa mara nyingi ni mdogo kuliko kelele zake. Huenda ni solenoidi moja, kijibomba cha umeme kinachoruhusu oili ipite, kimekwama kwa uchafu. Huenda ni kichungio. Huenda kuna aliyetia oili ya giaboksi nyingine kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani. Fungua, osha, badilisha kilichokufa, funga. Hoja tamu kabisa, na ina mwanya mmoja tu: hizi za mkanda zina ukanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na chuma kikishakwaruzana, unga wake huingia kila kijia cha oili. Ukiosha leo, unajifunza kesho ulichosahau kuosha. Fundi mwenye vifaa vya kuifungua giaboksi ya namna hiyo na kuirudisha bila kubaki na kipande mkononi si mtu wa kumpata kila kona.

Wa kubadilisha hawana subira na falsafa. “Weka ingine ya Japani.” Hiyo ingine inapatikana Nairobi, Grogan na Kirinyaga Road, imelala sakafuni kati ya dada zake, namba imeandikwa kwa chaki. Niliambiwa elfu 90 na kazi juu. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba kuingia nchini likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini giaboksi iliyochomolewa kwenye gari haina kitabu wala namba ya usajili, kwa hiyo ni kijana milele. Muuzaji wangu alitoa dhamana pia. Alinieleza kwamba dhamana inafanya kazi vizuri sana mradi giaboksi haijafungwa kwenye gari.

Hata kubadilisha kwenyewe kuna masharti ambayo chama hicho huyataja kwa kunong’ona. Herufi na namba zilizo kwenye ubavu wa giaboksi lazima zilingane, kwani magari mawili yanayofanana hadi rangi yanaweza kubeba giaboksi zisizosalimiana. Kompyuta yake inaweza kudai kufundishwa upya. Ile ngoma inayounganisha injini na giaboksi lazima ikae hadi ndani kabla bolti hazijakazwa, la sivyo inavunja pampu siku ya kwanza. Na mabomba ya kupozea oili yasipooshwa, uchafu wa marehemu unamrithi mgeni. Kwa hiyo aliyebadilisha anaweza kuwa, bila kujua, amenunua nafasi ya kubadilisha tena.

Kampuni kadhaa za magari, niongeze hapa, ziliwahi kuwaambia wateja kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, isiguswe. Tusizilaumu. Oili yangu iliishi maisha yote ya giaboksi, hakuna siku iliyopungua.

Ukishazielewa hoja za pande zote mbili, unaona kwamba jambo la busara ni kutoamua. Hapo ndipo mtu anapoanza kustarehe. Gari limeegeshwa kando ya hoteli ya mama mmoja anayepika muthokoi, naye ameniambia, “Mwanangu, halinizuii.” Sijanunua petroli. Sijapigwa faini. Nduguze mke wangu waliozoea kuniomba lifti hadi Wote sasa wananipigia kuniuliza hali ya giaboksi, na sauti zao zina heshima niliyokuwa nikiitafuta tangu mahari. Binamu yangu mhasibu amepiga hesabu: gharama ya giaboksi ikikaribia nusu ya bei ya gari, uza gari. Nilimuuliza gari lisilokwenda mbele lina bei gani. Akasema hilo linategemea giaboksi. Tukaelewana.

Na Malili ni mahali panapofaa kwa mtu wa hali yangu. Mwaka 2009 serikali ilinunua hapa ekari 5,000 za Malili Ranch ili kujenga jiji la teknolojia la Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuweka jiwe la msingi. Kituo cha data kipo, barabara za ndani zipo, nyasi pia zipo na zimestawi. Mahali palipojifunza kungoja jiji hapawezi kumharakisha mtu anayengoja giaboksi. Hakuna aliyewahi kuniambia hapa, “Bado tu?” Hilo ni swali la watu wa Nairobi.

Hivi majuzi mama wa hoteli alinijulisha kwa mwalimu mstaafu ambaye ana gari kama langu, mwaka uleule, hadi ile namba ya ubavuni inalingana. Lake lilikaukiwa na maji ya rejeta, injini ikachemka ikafa. Giaboksi ni nzima kabisa, aliniruhusu kuigusa. Injini yangu, kama kila mtu alivyosikia siku ile, ina bidii. Kwa akili ya kawaida, Mungu alikuwa ameyaleta magari mawili Malili ili yatoke moja.

Tumekaa naye mara nyingi sasa chini ya mwembe wake, na tunakubaliana kwa kila kitu. Tunakubaliana kwamba kununua giaboksi Grogan ni kucheza kamari wakati iliyo hai tunaiona. Tunakubaliana kwamba injini ya mtumba haiaminiki. Tunakubaliana kwamba mmoja wetu auze chake kwa bei ya ujirani ili mwenzake aondoke. Mwalimu amenikaribisha niuze injini. Mimi nimemsihi auze giaboksi. Yeye anasema gari lake ni la kutengenezwa na langu ni la spea. Nimemjibu, kwa heshima zote, kwamba mimi naliona lake hivyohivyo. Fundi ametushauri tusikimbilie. Jumamosi tunakutana tena, na mzee wa baraza atakuwepo, maana imesemwa kuna mtu wa Sultan Hamud mwenye la tatu.