Nyundo Kapewa Nani?

Kama hujachimba choo Munigi, usinisimulie kazi ngumu. Lava ya Januari 2002 ilipasukia huku kwetu chini ya Nyiragongo kabla ya kuteremka Goma, ikatuachia mwamba mweusi ambao ukiugonga unakujibu. Ndiyo maana wengine hujenga choo juu juu, chenye ngazi, mtaa mzima ukuone ukipanda na uhesabu dakika zako.

Sisi wa avenyu yetu tukasema hapana, tunachimba. Na Mkongomani hachimbi bila komite. Kabla mtaimbo haujapatikana tulikuwa na prezidenti (ana koti na sauti), makamu wake, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo, na washauri wawili.

Mimi ninayeandika hesabu dukani nikapewa nyundo. "Uko na mabega," prezidenti akasema. Mabega haya nilirithi kwa babu, mzee. Nguvu alizikwa nazo.

Jirani yetu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, anayeshusha mawe ya kujengea mjini tangu ujana wake, alichelewa kidogo, basi akaadhibiwa kwa kuandika mahudhurio. Alikuwa akiandika jina moja kama anayelichonga. Hadi saa nne alikuwa amevunja kalamu mbili na kufikia mtu wa sita.

Na Mama wa kokoto? Mama huyu hukaa kando ya barabara kutwa, akivunja lava kwa kinyundo, na ndiyo karo ya watoto wake. Huyo alitumwa kwenye maharage. Kwani si mama?

Nilipiga. Nyundo ikarudi. Nikapiga tena, ikarudi na salamu za mlima. Yule mama akasimama na mwiko mkononi. "Papa, hapo unalipigia jiwe usoni. Fuata ufa." Prezidenti akamjibu kwamba mambo ya ufundi hupitia kwa mshauri wa kwanza. Mshauri wa kwanza ni fundi cherehani.

Saa sita, wakubwa walipokuwa kwenye sahani, mama akanipokonya nyundo, akapapasa jiwe kama anayetafuta homa ya mtoto, akapiga mara tatu. Likameguka bonge kubwa kama kiti.

Jioni komite ikakutana kwa dharura. Makofi mengi, hotuba ndefu, na mama akateuliwa mshauri wa tatu.

Nyundo ninayo mimi. Jumamosi ijayo tunaendelea.