Uniti ya 76

Uingereza, mkataba wa umeme ukiisha, mtu hukaa na kikokotoo achague kampuni nyingine. Ushirombo tumepunguziwa usumbufu huo: kampuni ni TANESCO, na bei ndiyo inayokuchagua. Kwa bei za mdhibiti EWURA za mwaka 2016, mtu wa D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75 kwa mwezi, kabla ya kodi. Ya 76 inaruka hadi 350. Ukizoea kuzidisha, daraja la T1 linakungoja, 292 tangu uniti ya kwanza. Basi mwezi ukikaribia kwisha pasi hufichwa, friji hugeuzwa kabati, na mgeni mwenye simu mbili huulizwa anaondoka lini. Tena hapa ni Bukombe, jimbo la Doto Biteko, aliyekuwa Waziri wa Nishati. Mita ya LUKU haiulizi mbunge wako nani.