Jinsi ya Kumsoma Sungura wa Senti Hamsini

Anza na kopo. Nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama zina kopo la vifungo, sindano na hela zilizokwisha kazi. La bibi yangu lilikuwa la Kimbo, chini ya kitanda. Mwenye kopo apewe shikamoo yake kwanza, senti baadaye.

Ukiiona senti 50 ya zamani, usiisugue. Si kwa ndimu, si kwa mchanga, wala kwa dawa ya meno. Ule utandu wa miaka ndio ngozi yake. Ukiuchubua, mchoro nao unaondoka. Isuuze kwa maji, ikaushe kwa kitambaa laini, kisha iinamishe dirishani, mwanga uiangukie ubavuni.

Upande mmoja yuko Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama. Sarafu hizi zilitoka 1966, mwenyewe akiwa hai na madarakani. Miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, Mrumi wa kwanza kuchorwa kwenye sarafu za Roma akiwa hai, mwaka 44 KK. Julius kwa Julius!

Sasa igeuze, polepole, maana utamu uko huku. Warumi walipiga ngano zao kwenye shaba nyeusi: vijisarafu vya miaka ya 330, enzi za Constantine, vina mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus. Sisi tulimpiga sungura. Usimwone mnyama wa kitoweo. Ni yule yule wa jioni, anayemzungusha fisi na kumvua simba ubabe. Mwonyeshe bibi tu, uone kama hataanza: hadithi, hadithi!

Kwenye senti 5, ambayo ndiyo shaba nyeusi yetu, yuko samaki sulisuli. Usimtafute Mwigobero, pale Musoma, kwa wauza dagaa wa ziwani, huyo ni wa Bahari ya Hindi. Shilingi ina mkono ulioshika mwenge.

Ukipanda gari la Bunda, itazame mia mbili anayokurudishia konda. Ina simba. Katika hadithi sungura humshinda. Kwenye pesa, simba yuko mjini na sungura amelala koponi.

Ukimpata, usimpeleke kwenye vyuma chakavu. Mweke kiganjani mwa mtoto, umsimulie alivyomponyoka fisi.