Naomba Bastola Ndogo ya Kutembea Nayo

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Leseni za Silaha,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA BASTOLA NDOGO, YA BEI NAFUU, YA MATUMIZI YA KILA SIKU

 Huku kisiwani Rusinga ziwa limetulia, na omena wameanikwa ufuoni kama kawaida. Naandika peupe kwa sababu barua yangu nikiituma kimyakimya itawekwa chini ya barua za watu wenye hofu kubwa kuliko yangu. Nimeambiwa kwamba huko kwenu hofu nazo hupanga foleni.

Mimi ni mwenye boti moja hapa Litare. Nilikuwa pia mwenye injini moja. Kila siku natembea na vitu vitano: simu ndani ya mfuko wa plastiki, kisu cha kukatia nyavu, tochi, kitambulisho, na risiti ya ushuru wa ufuo. Naomba ruhusa ya kuongeza cha sita. Kiwe kidogo, kisizidi kiganja, kisinichome kiuno nikiinama kuvuta wavu, na bei yake iwe ya mtu asiyetaka kuuza shamba la baba yake.

Wazo hili lilinijia matangani. Desemba tulimzika jirani, na kutoka Nairobi akaja kijana mmoja tuliyesoma naye, ambaye enzi hizo alikuwa akikopa hata kalamu. Alikuwa amechomekea shati upande mmoja. Upande wa pili lilining'inia, limetuna kidogo, ungedhani kaficha hindi la kuchoma. Alipoinama kumsalimu nyanya mwenye msiba, shati likapanda, sote tukaona kishikio cheusi. Mheshimiwa, sijawahi kuona kiti cha plastiki kikienda mbio vile. Kilimfuata hadi hema la wageni wa heshima. Chakula kilipoletwa, kichwa cha mbuta kiliwekwa mbele yake. Msimamizi wa ratiba alimwita "mheshimiwa" mara tatu, na kabla jeneza halijateremshwa alikuwa amepewa kipaza sauti atusalimie, ingawa hana cheo chochote tunachokifahamu. Mimi niliyekesha nikichimba kaburi nilikula nimesimama.

Siku zote nilidhani bastola ni chombo cha kumtisha mwizi. Kumbe ni cheti. Kinatangaza kwamba mwenye kukibeba ana kitu cha kuibiwa, na kwamba serikali imelikubali jambo hilo kwa maandishi.

Basi nikaketi na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Inataka niwe na sababu nzuri ya kumiliki silaha. Inataka nisiwe hatari kwa usalama wa watu. Haimtaki mtu wa tabia ya ulevi, wala asiye timamu wa akili. Hapo kwenye ulevi ndipo nilipokwama, nikaomba mwalimu mstaafu anisomee tena. Januari 2020, asubuhi na mapema, DJ mmoja alipigwa risasi shingoni ndani ya kilabu huko Kilimani. Kesi ilifika mahakamani, mahakama ikasema yake, mimi simo. Swali langu ni dogo tu: bastola ya kujilinda huwa inatafuta nini kilabuni hadi kunakucha? Mtu mwenye hofu ya kweli si huogopea nyumbani?

Nakumbuka pia Desemba 2018, Waziri Matiang'i alipoamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya. Redio ilitangaza nasi tukiwa ufuoni tunatengeneza nyavu. Tulitazamana. Katika ufuo mzima hakukuwa na hata mmoja aliyehitaji kuinuka. Mzee mmoja aliuliza, na si kwa utani, kama manati nayo inakaguliwa.

Sasa sababu zangu, kama fomu inavyotaka.

Ya kwanza ni injini. Ulikuwa usiku wa giza, giza lile ambalo omena hulipenda. Tulikuwa tumewasha taa zetu za sola juu ya maji, tunasubiri samaki wajikusanye, mara boti nyingine ikatukaribia bila taa. Wakatuonyesha kitu cheusi. Sikuomba kukikagua. Huenda ilikuwa bastola, huenda ilikuwa kipande cha bomba. Polisi kila mara huonyesha kwenye habari bastola bandia walizonasa, pamoja na zile zilizochomelewa na fundi. Ninyi mngeitambua mara moja, ndiyo taaluma yenu. Mimi nilikuwa na kazi ya kufungua injini kwa mikono inayotetemeka, maana waliniamuru niifungue mwenyewe wasije wakaiharibu. Tulipiga kasia hadi alfajiri. Katika kituo ambacho sitakitaja, afisa aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri sana, kisha akaniuliza kama nina mafuta ya kuwapa waende kuitafuta. Mafuta nilikuwa nayo. Injini ndiyo sikuwa nayo.

Ya pili ni kiboko. Huyu hutoka majini jioni kuja kula mahindi yetu, na asubuhi hukutana na mtu anayekwenda kutega nyavu. Nimefikiria nitamfanya nini kwa bastola ya kiganjani. Mnyama mwenye zaidi ya tani moja! Ni sawa na kulipiga lori kofi kwa ndala. Tena huyo ni mali ya serikali. Nikimuua, nina kesi. Akiniua yeye, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaiahidi familia yangu shilingi milioni 5. Mama watoto alilisikia hilo kwenye baraza la chifu, na tangu siku hiyo ananiamsha mapema zaidi kwenda kazini.

Ya tatu ni Migingo. Kile kijiwe cha upande wa Migori unakijua, nyumba za mabati zimekifunika kama magamba. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda, kwa hiyo mvuvi wetu yuko kwao akiwa amelala chali kitandani mwake, kisha akinawa uso anakuwa mhamiaji haramu. Hapana, nimekosea: kitandani yuko kwetu, usoni ndiko kwao. Hata mimi huchanganyikiwa. Walioenda huko wamekutana na maafisa wenye bunduki ndefu. Bastola yangu ndogo ingeniongezea kitu kimoja tu cha kunyang'anywa, juu ya samaki na mafuta.

Nisije nikaonekana mdharau silaha. Septemba 2013, magaidi walipolivamia jumba la maduka la Westgate, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia walikuwamo raia wenye leseni zenu. Abdul Haji alikwenda kumtafuta ndugu yake, mkononi ana bastola mbele ya bunduki za kivita, akasaidia kuwatoa akina mama na watoto. Hapo sina kejeli. Ila natambua kwamba ili bastola yangu ifanye kazi ya namna hiyo ningelazimika kwanza niwe na jumba la maduka.

Lakini pia usidhani sisi wa Rusinga ni wageni kwa bastola. Kasawanga tuna kaburi la Tom Mboya, na wajenzi waliliinua kwa umbo la risasi. Risasi inayoingiwa kwa mlango! Wanafunzi huletwa kwa mabasi kuitazama. Sijui risasi nyingine kubwa kuliko hiyo katika Jamhuri, na nimezunguka kuta zake zote nisione cheti chenu. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 Mboya alitoka katika duka la dawa pale Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, umri wake miaka 38, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Aliyemfyatulia risasi alitumia bastola, kitu cha kubebeka mjini mchana kweupe bila mtu kushtuka, yaani hasa kile ninachokiomba. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo. Inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliwauliza polisi kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Huyo mkubwa, kama alikuwapo, hadi leo hajajaza fomu yoyote.

Na miaka 12 kabla yake, mpigania uhuru Dedan Kimathi. Alipelekwa mbele ya mahakama Nyeri mwaka 1956, na shtaka lililomnyonga tarehe 18 Februari 1957 halikuwa kupigana na Dola ya Uingereza. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Alinyongwa, Mheshimiwa, kwa kukosa karatasi hii ninayoiomba. Sasa amesimama kwa shaba katikati ya Nairobi, bunduki mkononi, tena ndefu. Mboya naye amesimama Moi Avenue, mwendo wa dakika chache tu kutoka hapo. Mmoja alikufa kwa kushika bastola, mwingine kwa kuelekezewa. Wasiojua historia hupita katikati yao wakitafuta matatu.

Wala hayo si ya kale. Tarehe 30 Aprili 2025 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, wa kaunti hii yetu ya Homa Bay, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari lake Barabara ya Ngong. Muuaji alikuja kwa pikipiki. Siku ile hapa ufuoni watu walinyamaza, kisha mmoja akasema: kama mheshimiwa hakupona, bastola itamfanya nani apone? Sikumjibu, kwa sababu barua hii nilikuwa nimeshaianza.

Nikarudi kwenye hesabu. Nilisema bei nafuu. Rafiki anayejua mambo ya Nairobi alinitajia bei ya bastola aina ya Ceska iliyotumika, nikamwomba arudie, akarudia, haikushuka. Kwa pesa hizo napata injini. Nikajumlisha risasi, mafunzo ya kulenga shabaha, daktari wa kuthibitisha kwamba mtu anayelala juu ya maji ya dhoruba kwa ajili ya ndoo ya omena ana akili timamu, cheti cha maadili mema shilingi 1,050, na nauli za Nairobi za njoo-kesho. Juu ya hayo, silaha haitakiwi kulala ovyo, hivyo nahitaji sefu. Nyumba yangu ya mabati hufunguka kwa teke moja. Nikiingiza sefu humo, sefu itakuwa ndiyo mali ya thamani kuliko zote nyumbani, nami nitalazimika kukuandikia tena niombe bastola ya pili ya kuilinda.

Na nitaivaa wapi? Vijana wa Nairobi wana makoti. Sisi jolupo, yaani wavuvi, tunavua kwa kaptura, na kuna usiku hata kaptura ni anasa. Nilijaribu kwa kutumia bastola ya plastiki ya mwanangu, ile inayouzwa Mbita sokoni siku za Krismasi. Nikiiweka kiunoni, inaingia maji. Nikiiweka kwenye ndoo, inanuka. Nikiikabidhi kwa kijana wa kukumba maji, boti nzima inamtii yeye na mimi nahodha nasahaulika. Mama watoto alipoikuta chini ya mto aliniuliza namwogopa nani. Nilifungua mdomo nimtajie wezi, kiboko na Waganda, nikajiona mpumbavu, nikasema namwogopa mtu yeyote atakayenipita tena kwenye matanga.

Hapo ndipo ombi langu lilipobadilika, na samahani kwa kukufikisha hapa baada ya maneno mengi.

Bastola baki nayo. Mpe mwenye kilabu, mpe mwenye jumba la maduka. Mimi naomba kile cheti peke yake. Kiwe na picha yangu, nembo ya taifa na muhuri, na maneno kwamba Serikali ya Kenya imepitia maisha ya mvuvi huyu na kukubali kwamba yako katika hatari. Hayo tu. Nitakiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na simu. Kwenye maziko yajayo nitachomekea shati upande mmoja, na nikiinama kusalimia wazee nitahakikisha kinaonekana. Kituoni nikiulizwa kuhusu mafuta, nitakitoa. Kiboko hajui kusoma, huyo nitamkimbia kama zamani.

Fomu nimeijaza kwa kalamu ya bluu. Penye "sababu ya kuomba" nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, utaona karatasi imechubuka. Penye nambari ya silaha, kwa kuwa sina silaha, nimeandika nambari ya injini yangu. Ni Yamaha, kifuniko kimepasuka upande wa kushoto na kushonwa kwa waya. Kwa kuwa ninyi hukagua vitu vingi vya watu wengi, mkiiona mahali nipigieni simu, hata usiku. Huwa niko macho.

Wako mtiifu,
Mwenye boti,
Litare, Rusinga.