Sifa za Anayegonga Dirisha la Basi

Basi la kutoka Mwanza linaposimama Bunda, hata halijatulia, dirisha linagongwa. Mkono mmoja umeinua sinia la mayai ya kuchemsha, mwingine karanga, wa tatu maji ya chupa, wa nne chaja ya simu ambayo hukuwa na haja nayo. Abiria wengi huiita biashara hii kero, na ni kero kweli: inakatiza usingizi, ina sauti kubwa, na kimya chako haikipokei kama jibu. Ninaisifu pamoja na hayo yote, kwa kuwa asiyegonga dirisha hauzi.

Itazame kazi yenyewe. Muda alionao mchuuzi ni ule ambao kondakta anashusha mizigo. Ndani ya muda huo anayasoma madirisha yote: nani amefungua kioo, mama yupi ana mtoto anayelia, kijana gani anapapasa mfuko. Anamwamkia mkubwa, anamwita rika lake kaka au dada, anataja bei, anashusha bei. Mayai yanapanda kabla hela haijashuka. Abiria anatoa noti ya elfu kumi kwa mayai mawili, na dereva tayari anakanyaga mafuta. Hapo mchuuzi anakimbia sambamba na gurudumu, anahesabu chenji huku akikimbia, na kumrushia mtu ambaye huenda hatamwona tena. Angeweza kusimama na kubaki na hela. Ninaowaona wakikimbia hivyo ni wengi, nami nauheshimu uaminifu huo kuliko ule wa mwenye duka, ambaye mteja wake anajua mlango wa kumrudia.

Ukifika Musoma, shuka mpaka Mwigobero, pale mwaloni. Atakayekung'ang'ania na fungu la dagaa anauza kitu chenye historia ndefu. Wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani usiku wa giza ili samaki wakusanyike kwenye mwanga. Mwezi ukishapevuka, taa haifui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika. Ndiyo maana bei anayokutajia hupanda na kushuka kufuata mwezi, wala si kwamba ameona kofia yako ya mgeni. Baada ya kuvuliwa, dagaa wanahitaji jua. Mvua ikiwakuta wameanikwa, wanaharibika na faida inaondoka. Kuanzia Majita hadi Mugango zipo familia zinazoiishi hesabu hii ya mwezi na jua, na mchuuzi ndiye mtu wao wa mwisho mlolongoni. Asipokusumbua wewe, jasho la wote waliomtangulia linabaki kwenye beseni. Muulize dagaa hawa wametoka mwalo gani na wameanikwa juu ya mchanga au kwenye vichanja. Atakujibu kwa ufasaha, na utakuwa umejifunza ziwa bure.

Msafiri wa likizo naye ana mbinu zake za kukwepa kwa adabu. Anajifanya amelala. Anaweka simu sikioni wakati hakuna anayeongea naye. Anasema, "Nimeshanunua, mwanangu," na mapajani hana kitu. Anasema, "Sina chenji," basi kijana anakimbia kuitafuta kwa wenzake, anarudi, anakuta kioo kimefungwa. Anasema, "Nikirudi," na kati ya zote hii naiona nzito kuliko nyingine. Mbinu hizi zina upole wa nje, lakini zinamlia mchuuzi kitu kimoja asichoweza kukinunua, nacho ni muda. Dakika aliyoipoteza mbele ya usingizi wako wa uongo ndiyo dakika ambayo mtu wa siti ya nyuma alikuwa anataka maji. Aliyeambiwa "nikirudi" amepewa ahadi, na wapo wanaolitafuta basi lako jioni.

Sifa hizi zinamfikia na mpiga debe wa stendi ya Bweri, kwa kipimo. Akikunyang'anya begi au akikudanganya juu ya nauli, hapo hana sifa, mkatalie kwa sauti. Lakini yule anayepaza sauti kwamba gari hili ni la Butiama na lile ni la Majita anamfanyia mgeni kazi kubwa. Anayekwenda kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na bibi anayerudi kijijini kwake Suguti, wote wanaelekezwa na koo lile lile lililokauka.

Nchi yetu imeshawahi kuwatazama watu hawa kwa macho makali. Mwaka 1983, wakati wa utawala wa Mwalimu Nyerere, mwana huyo wa Butiama, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mijini watu wasio na kazi iliyotambuliwa walikamatwa wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi, maana njaa hairudishwi kwa lori. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Ndani ya miaka 35 mtu aliyehesabiwa mzururaji akawa mfanyabiashara mwenye kadi shingoni. Kazi yake ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mtazamaji, na abiria aliyeketi dirishani bado anaweza kubadilika zaidi.

Kukataa ni haki yako, na mchuuzi anaijua kuliko wewe, kwa kuwa tangu alfajiri amekataliwa na wengi. Anachostahili ni jibu la kweli, tena la haraka. Fungua kioo, mtazame, mwambie, "Hapana kaka, asante." Ataondoka bila kinyongo, dirisha la jirani linamsubiri. Usishindane naye kwa bei ya kitu ambacho hukukusudia kukinunua. Ukiwa na njaa, toa hela ndogo uishike mkononi kabla basi halijaingia stendi, ili chenji yako isimkimbize barabarani.