Shikamoo, Kosa

Kuna wanaosifu mama, kuna wanaosifu nchi, na watu wa pwani husifu hata embe dodo. Mimi naomba nafasi nimsifu Kosa. Simsemi yule wa magazetini, wa daraja lililoanguka au fedha zilizoyeyuka. Namsema Kosa mdogo wa hesabu, anayelala kwenye ncha ya penseli ya mtu anayejiandaa na mtihani wa kutafuta mahali meli ilipo kwa kutumia jua na nyota. Mtihani huo bado upo. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa 1978 unautaka, na hata ulipofumuliwa Manila mwaka 2010 haukuufuta. Najua utaniambia GPS ipo. Mashine ya kukunia nazi nayo ipo, lakini mama mkwe bado atataka kukuona umekaa juu ya mbuzi.

Mimi na Kosa tulitambulishwa rasmi siku ya mtihani. Swali lilikuwa jepesi mpaka nikalionea huruma. Tarehe 21 Desemba, meli iko nje ya lango la bandari ya Dar es Salaam, jua limefika kileleni, na kimo chake baada ya masahihisho yote ni 73°22'. Unachotakiwa ni kutoa kimo hicho katika 90, upate jua liko mbali kiasi gani na utosi wako. Nikaandika 90°00', chini yake 73°22'. Sifuri haitoi mbili, nikaenda kukopa kwa jirani. Sasa, digrii ni jirani mwenye dakika 60 tu mfukoni, tangu enzi za Wababeli. Mimi nikamkopa 100, kwa mazoea ya shilingi na senti. Likatoka jibu 16°78'. Nikaliona lina sura ngeni, nikalivalisha vizuri likawa 17°18'. Kisha nikalitoa kwenye mkengeuko wa jua, yaani umbali wa jua kutoka ikweta siku hiyo, 23°26' kusini. Latitudo ikawa 6°08' kusini. Nikaipigia mstari mara mbili kwa rula, nikaenda kunywa chai.

Ilitakiwa 6°48'. Dakika 40 tu, utasema. Lakini dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, na maili 40 si mchezo. Siku ya mahojiano ya mdomo mtahini wangu, kapteni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka kidole kwenye chati mahali meli ilipotakiwa kuwa. Akapanda nacho kaskazini taratibu, kama anayemvusha mtoto barabara. Akavuka mlango wa bahari wa Zanzibar, akaparamia nchi kavu, akasimama Dunga, katikati ya Unguja, jirani na magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu. Akanitazama juu ya miwani.

"Kijana," akasema, "karafuu huko bei gani?"

Salamu nilikuwa nimeshaitoa nikiingia, kwa hiyo sikuwa na neno lingine la kumpa.

Hiyo ndiyo fadhila ya kwanza ya Kosa: ni mkarimu. Jibu sahihi ni moja, la wote, halina mwenyewe. Tulikuwa wengi ukumbini, na waliopata 6°48' hakuna anayewakumbuka. Kosa humpa kila mtu safari yake. Mwenzangu mmoja alikopa 60 vizuri, akapata 16°38' bila wasiwasi, kisha pale pa kutoa akajumlisha. Meli yake ikaenda 40°04' kusini, karibu maili 2,000 kutoka Dar es Salaam, chini kabisa ya Rasi ya Agulhas, kwenye pepo za baridi ambazo hata koti hakubeba.

Tusimcheke. Vitabu vingi tulivyosomea viliandikwa na watu wa nchi ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kanuni zao zinakwenda kwa utulivu huo. Sisi jua linatuzunguka. Kuanzia Machi lipo kaskazini mwetu, kuanzia Oktoba lipo kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita Dar es Salaam juu ya utosi hasa. Siku kama hizo ukiwa na sekstanti, kile chombo cha kupimia kimo, mkononi huelewi utazame upande gani. Unalishusha jua liguse upeo wa bahari, nalo linateleza kutoka mashariki hadi magharibi ndani ya dakika chache, wewe umesimama unazunguka kama mtu aliyepotelewa na ndala. Kujumlisha au kutoa, kwetu, ni swali la kuulizwa upya kila msimu. Kosa anaipenda ikweta. Kwake ni nyumbani.

Halafu kuna saa. Hapa Kosa katuandalia karamu ambayo Mzungu haijui. Siku ile ya Desemba jua linafika kileleni nje ya bandari yetu saa sita na dakika 21 mchana. Saa ya ukutani, ya tarakimu, inasema 12:21. Kronomita ya meli, inayokwenda kwa saa za Greenwich, inasema 09:21. Sasa mwambie Mswahili asome 09:21 kwa sauti. Atasema "saa tatu na dakika ishirini na moja", maana ndivyo alivyofundishwa tangu anaanza kuvaa saa, na mkono wake utafungua almanaki, kitabu cha majedwali ya jua na nyota, kwenye safu ya 03. Jua hutembea digrii 15 kwa saa. Saa sita ni digrii 90, robo ya dunia. Jirani yangu wa dawati alifanya hivyo, na longitudo yake ikatoka 129° mashariki: alikuwa Bahari ya Banda, Indonesia, upande wa visiwa vya Maluku ambako mkarafuu wenyewe ulianzia. Mimi Dunga, yeye Maluku. Nikahisi Kosa wetu wa darasa lile ana tamaa ya viungo.

Nasaba yake pia si ya kubeza. Almanaki ya kwanza ya mabaharia wa Uingereza, ya mwaka 1767, ilisimamiwa na Nevil Maskelyne, na hesabu zake zilifanywa na watu waliokaa majumbani kwao na karatasi. Kila hesabu ilipewa watu wawili wasioonana, ili wa tatu alinganishe. Haikuchukua miaka mingi wawili wakaanza kunakiliana. Wakagundulika, wakafukuzwa. Kwa hiyo mtahiniwa anayechungulia karatasi ya mwenzake asijione mhalifu wa kisasa. Anaendeleza mila iliyo karibu na umri wa almanaki yenyewe.

Nathaniel Bowditch wa Marekani alipata jina kwa sababu kitabu cha ubaharia cha mtangulizi wake, Moore, kilijaa makosa, likiwemo la kuuhesabu mwaka 1800 kuwa mwaka mrefu. Bowditch akayasaka kwa maelfu, akatoa kitabu chake mwaka 1802, na mpaka leo serikali ya nchi yake inakichapa. Na Charles Babbage? Mwaka 1821 alikuwa na rafiki yake John Herschel wakikagua majedwali ya hesabu za falaki, makosa yakawa mengi mpaka akatamani kazi ile ifanywe kwa mvuke. Ndipo akaanza kubuni mashine ya kuhesabu. Hakuimaliza, lakini wazo likabaki, na wewe unayenitishia kwa GPS kwenye simu ujue simu hiyo ni mjukuu wa Kosa.

Ila heshima yangu kubwa kwake inatoka kwingine. Desemba 1837 nahodha Thomas Sumner alikuwa anaikaribia Ireland, hali ya hewa mbaya, hajui latitudo yake. Jua likachungulia mara moja. Akahesabu kwa latitudo ya kubahatisha, akapata mahali. Hakuamini, akahesabu kwa latitudo ya pili, halafu ya tatu. Nukta zote tatu zikajipanga kwenye mstari mmoja, na mstari ukaelekea mnara wa taa wa Smalls. Akaufuata, na taa ikaonekana. Alikuwa amegundua kwamba jua moja halikupi nukta, linakupa mstari, na aligundua hivyo kwa sababu hakuwa na jibu sahihi la kuanzia.

Mwaka 1875 Mfaransa Marcq Saint-Hilaire akaenda mbali zaidi, na njia yake ndiyo tunayotahiniwa. Unachagua mahali ambapo unajua kabisa hupo. Unahesabu jua lingekuwa na kimo gani ungekuwa pale. Unalinganisha na kimo ulichopima kweli. Tofauti ya kila dakika ni maili moja ya kusogea. Yaani unaanza kwa kumkaribisha Kosa mezani, unamuuliza ana ukubwa gani, naye, muungwana, anakuambia upo wapi.

Nilijaribu njia hiyo asubuhi moja Coco Beach, sekstanti mkononi, jua likitoka baharini. Muuza mihogo akaacha jiko lake akaja kusimama nami.

"Hiyo inaonyesha tulipo?"

"Inaonyesha."

"Tuko wapi?"

Nikamwomba subira. Nikahesabu nusu saa, yeye akahudumia wateja watatu. Mstari wangu ukapita maili saba baharini.

"Basi tungekuwa tumeshalowa," akasema, akanipa kipande cha muhogo chenye pilipili. Hakutaka hela.

Kwa nyota tatu unapata mistari mitatu, na hapo ndipo Kosa anapoweka sahihi yake. Haikutani. Inaacha pembetatu ndogo katikati, nawe unajiweka ndani yake. Watahini wazee wanaipenda pembetatu hiyo. Ukiwaletea mistari mitatu inayokutana kwenye tundu moja la sindano, hawakupongezi. Wanachukua raba na kuanza kutafuta ulipofuta. Mwenzetu mmoja alinyoosha mistari yake ikakutana kama barabara za Clock Tower. Kapteni akamuuliza ni nyota gani hizo zenye adabu kiasi hicho, na yule kijana hakurudi siku ya pili.

Mimi nilirudia mtihani. Safari hiyo nilikopa 60. Meli ilikaa baharini mahali pake, Kapteni akatia tiki, akasema "sawa", akaita jina linalofuata bila kuinua kichwa.

Miaka mitatu baadaye nilimkuta kwenye boti ya Zanzibar, amekaa dirishani, miwani ileile, uzi mpya. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, akanikazia macho. Jina hakulikumbuka, wala cheti alichonitilia sahihi.

"Aa, wewe! Wa Dunga." Akasogeza mfuko wake nikae. "Haya niambie, mwaka huu zimezaa?"