Mwenye Mende Ni Nani?

Asubuhi hii, mbele ya foleni nzima ya wateja, mama wa vitumbua wa chumba cha mbele amenielekezea kijiti chake cha kugeuzia na kutangaza: "Mwenye mende huyo, anapita." Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, maana adabu haina ugomvi na mtu, kisha akaendelea na mashtaka pale alipoishia. Mtoto wa shule aliyetumwa vitumbua vya mia tano alinikagua kuanzia viatu hadi kola akitafuta ushahidi. Nimefika kazini bado najikung'uta mabega.

Mimi, mwenye mende! Mende niliowakuta na makazi yao, wazee wao na wajukuu wao, katika nyumba ambayo mgeni ni mimi. Ninachotuhumiwa ni kufanya usafi.

Na usafi wenyewe haukuwa wa kupitisha fagio. Siku ya kuonyeshwa nyumba, dalali alisimama mbele ya ukuta wa jikoni na hakubanduka pale mpaka tulipotoka. Nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa anaziba doa. Mwenye nyumba naye alinihakikishia kwamba nyumba ni safi, "ni kufagia tu, baba." Nikalipa kodi ya miezi sita mbele, nikalipa mwezi wa dalali, nikakabidhiwa funguo pamoja na fagio la chelewa lililobakiwa na chelewa za kuhesabika.

Aliyehama alikuwa akikaangia samaki ndani, kwa jiko la mkaa. Mvuke wa mafuta ulipanda, ukakutana na masizi, vyote vikapokea vumbi la barabarani, na baada ya miaka ukuta ukaota ngozi ya kahawia, laini ukiigusa kwa kidole, ngumu ukiigusa kwa stilwaya. Nyavu za madirisha zilikuwa zimeziba kiasi kwamba mbu hapiti, na upepo haupiti pia.

Mwenye kujua usafi huanzia juu. Utando wa buibui kwanza, kisha dari, kuta, madirisha, sakafu mwisho, kwa sababu vumbi likibanduliwa hushuka. Mafuta ya ukutani hayataki nguvu, yanataka maji ya moto, sabuni ya maji na subira: unapaka, unaacha robo saa, ndipo unafuta. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Ile ya mafuta hujichimbia kwenye uchafu, ile ya maji huukokota mpaka ndani ya ndoo. Ukisugua kabla hazijamaliza mazungumzo yao, unasugua rangi ya watu.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka nilipovuta kabati la jikoni. Nyuma yake walikuwapo. Hawakukimbia. Walinitazama kwa mshangao wa wenyeji walioingiliwa faragha. Na wakati huohuo, nje, kipaza sauti cha machinga kilikuwa kikipita na ile orodha yake inayojulikana na mitaa yote ya Dar es Salaam: panya, mende, kunguni, viroboto. Nikatoka na kununua kichupa. Nikachanganya na maji, nikafunga pua kwa kitambaa, nikapuliza kila ufa niliouona na nyingine nilizozihisi tu.

Hapa lazima nieleze dawa yenyewe, kwa sababu tangu siku ile nimeisoma kuliko nilivyowahi kusoma mkataba wowote. Asili yake ni ua. Pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano, linalolimwa kwenye baridi ya Njombe, Mbeya na Iringa, na kwa majirani zetu Kenya huko Nakuru. Mkulima huchuma vichwa vya maua, akavianika, na pale Mafinga kuna kiwanda kinachotoa ndani yake sumu iitwayo pairetrini. Kwa binadamu ni sumu nyepesi, kwa mdudu ni kiama. Udhaifu wake ni kwamba jua huiharibu upesi, ndiyo maana wanakemia wakaanza kutafuta mfano wake usiochoka. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini. Vyandarua vyetu vyenye dawa na mikebe mingi ya kupulizia iliyoko madukani ni ukoo wa ua lile.

Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonimaliza. Mshipa wa fahamu wa mdudu una vilango vya sodiamu. Vilango vinafunguka, ujumbe unapita, vinafungwa, mshipa unapumzika. Dawa hii huvizuia visifungwe. Ujumbe mmoja unageuka elfu: mguu unaambiwa kimbia, kimbia, kimbia, na hakuna wa kuuambia simama. Na tusisahau tunazungumzia kiumbe ambaye hata akikatwa kichwa huendelea kuishi siku kadhaa, kwa kuwa anapumulia vitundu vya ubavuni, na mwishowe hufa kwa kiu. Mende aliyepulizwa, basi, hafi palepale. Kwanza anapagawa, anatoka ufani na kukimbilia popote. Wapuliza dawa wenye ujuzi huipenda tabia hiyo, maana huwaonyesha maficho yako wapi. Machinga hakunigusia hilo.

Nyumba yetu ina paa moja na vyumba vingi. Kuta zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja, kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma.

Kelele ya kwanza ilitoka kwa mama wa vitumbua. Ya pili ilikuwa ya sufuria kuanguka. Kisha kijana wa bodaboda wa chumba cha nyuma akakatiza uani mbio, amevaa taulo na helmeti. Mwisho akatoka mwalimu mstaafu wa chumba cha pembeni, taratibu, mende mmoja begani, akaniuliza kwa sauti ya darasani: "Kijana, umefanya nini?"

Jioni kikaitishwa kikao cha wapangaji. Mjumbe hakuitwa, ila alitajwa mara nyingi. Kijana wa bodaboda akaapa kwamba kabla ya huyu braza kuja, hapa hapakuwa na mende. Hakuna aliyecheka. Siku ninahamia niliwaona wawili wakistarehe juu ya gunia la unga wa mchele, hapohapo kwa mama, nikanyamaza, kwa sababu mgeni siku ya kwanza haoni.

Nikajitetea kwa sayansi. Nikawaeleza kwamba binadamu wamekuwa wakisingiziana mende kwa karne nyingi. Yule mkubwa, mwekundu, wa kwenye chemba, Carl Linnaeus wa Sweden alimwandika kuwa Mmarekani mwaka 1758, ilhali asili yake ni huku Afrika, alivuka bahari ndani ya meli. Yule mdogo wa jikoni akaandikwa Mjerumani mwaka 1767, na utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2024 umeonyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Kusini, yapata miaka 2,000 iliyopita. Wajerumani na Wamarekani, nikasema, walikuwa tu wa kwanza kuonekana nao.

"Kwa hiyo," akasema mama wa vitumbua, "hata wazungu wanajua anayeonekana nao ndiye mwenyewe."

Kikao kikafungwa.

Mwalimu mstaafu alinivuta pembeni baadaye. Akaniambia dawa ya kupuliza husambaza. Kinachomaliza ni chambo: jeli ya dukani, au asidi ya boriki iliyochanganywa na sukari, ikawekwa kidogo kidogo mahali ambapo mtoto hafiki. Mmoja anakula, anarudi ufani, anafia humo, wenzake wanamla yeye na kinyesi chake, nao wanafuata. Tena, zile nukta nyeusi kwenye pembe za kabati zisichukuliwe kuwa ni uchafu wa kawaida. Kinyesi cha mende kina harufu inayowaita mende wengine, na anayepuliza bila kusugua pembe hizo kwa maji ya moto na sabuni ameua wageni lakini ameacha bango la karibuni limening'inia mlangoni. Na mayai je? Jike la yule mdogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, ambacho dawa hupata shida kukipenya.

"Kwa hiyo watarudi?" nikauliza.

"Kijana, hawajaondoka."

Nikamuuliza mbona hayo yote hakuyasema kikaoni. Akanijibu kuwa amepanga pale miaka mingi, na hakudumu kwa kusema vikaoni.

Baada ya hapo kilikuja choo. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na kila yanapokauka huacha chokaa, kwa hiyo bakuli la choo lilikuwa limejenga ukoko. Klorini huung'arisha tu ukoko huo. Unaouyeyusha ni ukali wa asidi, hata wa siki au ndimu ukiwa na subira. Kuvichanganya viwili hivyo ndiko kunakoua: vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile Wajerumani waliyowafungulia askari wa Ufaransa huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Binamu yangu aliyekuja kunisaidia alikuwa ameshashika chupa zote mbili, moja kila mkono, ili "iwe kali zaidi." Nilimtoa chooni kwa kelele, na uani kukapata habari nyingine.

Mapazia niliyafua, yakarudi kaptula.

Zulia lilikauka na harufu ya beberu.

Chemba iliziba, na sihitaji kusema nani aliambiwa ndiye mwenye chemba.

Kisha akaja mwenye nyumba. Akasimama katikati ya jiko, akapapasa ukuta mweupe, akasema mashaallah. Akafungua bomba, akalifunga. Akasema nyumba ya hadhi hii haiwezi kuendelea na kodi ile ya zamani, kwa hiyo miezi sita ikiisha tutazungumza upya. Nikamtajia gharama za sabuni, dawa na rangi. Akasema, "Hongera, baba."

Hapo kicheko kinanikauka. Mpangaji wa mji huu hulipa nusu mwaka kabla hajalala usiku mmoja. Humlipa dalali kwa kazi ya kuziba doa kwa mgongo. Hununua sabuni na rangi, wakati mwingine hata kitasa, na kila shilingi anayoipaka ukutani hugeuka sababu ya kumtoza zaidi. Nyumba ikiwa chafu, uchafu ni wa mpangaji. Ikiwa safi, usafi ni wa mwenye nyumba. Aliyehama hadaiwi masizi yake kwa kuwa ameshaondoka, anayepokea kodi hadaiwi kwa kuwa yeye hakai humo, na anayebaki kujibu ni yule aliyekutwa na ndoo mkononi.

Sasa naelewa kwa nini majirani zangu hawasugui. Niliwadhania wavivu. Mwalimu ana kuta nyeusi kupita zangu za zamani, na kodi yake haijapanda tangu nilipokuwa sijafikiria hata kuja mjini. Masizi yale ni ulinzi. Mwenye nyumba akichungulia mlangoni kwake huona aibu kutaja nyongeza, anasalimia na kupita. Dada anayetaka kupaka rangi chumba chake na afikirie mara mbili, na kaka anayetaka kubadili bomba la jikoni abadilishe usiku.

Jana nimeuchukua mkataba wangu, safari hii nikausoma mpaka mwisho. Kipengele cha mwisho, juu kidogo ya sahihi yangu, kinasema mpangaji atairudisha nyumba katika hali ileile aliyoikuta. Sijawahi kuona kifungu kilichoandikwa kwa ajili yangu kiasi hiki. Nimeshaazima jiko la mkaa na nimeulizia bei ya samaki Feri. Nitakaangia ndani, madirisha yamefungwa, kila siku, mpaka ukuta uote ngozi tena. Upande wa mende mkataba umeshatekelezwa: jana usiku nimewasha taa ya jikoni, nikawakuta vijana wapya kabisa, wadogo, wamejaa afya.